Marehemu Aliyeweka Nanasi

Katika nchi yetu, ambayo sitaitaja jina kwa sababu anayeijua anaijua, kuna amani nyingi. Amani yenyewe ni nyingi kiasi kwamba watu huongea kwa sauti ya chini wasije wakaisumbua. Tuna Mheshimiwa Mlezi, Mungu ampe afya, na tuna sheria chache tu, zote nzuri. Mojawapo ni Sheria ya Sifa, inayosema kuwa mtu aliye hai anayeruhusiwa kusifiwa ni mmoja. Wengine wote husifiwa wakishafariki.

Sheria hiyo haikuwahi kutusumbua. Daraja likijengwa likasimama, redio husema limejengwa kwa fikra za Mheshimiwa Mlezi na kwa mikono ya marehemu fulani. Timu yetu ikishinda, mabao huwa yamefungwa na marehemu. Mwalimu akifaulisha darasa zima, hutafutwa mwalimu mwingine aliyekwisha kuzikwa, akapewa wale wanafunzi. Maofisa wetu wanayajua makaburi ya mji huu kuliko wachimbaji wenyewe. Mimi niliona ni jambo la heshima. Ni serikali ngapi duniani zinazowakumbuka wafu hivyo?

Mwanangu Zahoro alikuwa mpishi wa Ikulu, upande wa tanuri. Ndiye mtoto pekee niliyejaliwa, na baba yake, Mzee Faki, alikuwa ametangulia mbele ya haki. Basi siku moja walikuja wageni wa ng'ambo, wale wanaofika na miwani myeusi na kuondoka na madini. Ikaamriwa wapikiwe piza, wasije wakasema hatujui mambo. Zahoro akakanda, akatandaza, akapaka nyanya, akamwaga jibini, akasukuma ndani. Umeme ukakatika. Uliporudi ulirudi kwa hasira, kama kawaida yake, na tanuri likaunguza jibini katikati, doa jeusi la kiasi cha kiganja.

Muda wa kuoka nyingine haukuwepo. Pale mezani palikuwa na nanasi lililokatwa kwa ajili ya mwisho wa chakula. Mwanangu akalipanga nanasi juu ya doa, kama mtu anavyotia kiraka suruali ya kazi, akafunika, akapeleka.

Kule mezani desturi ni kwamba Mheshimiwa Mlezi akitafuna wote hutafuna, na akisita wote husita. Mheshimiwa akang'ata, akatafuna, akasita. Mawaziri na mabalozi wakabaki na tonge shavuni.

"Hii kitu nani kabuni?" akauliza.

Waziri wa Ladha na Uzalendo hakujua kama lile ni swali la furaha au la ghadhabu. Jibu linalofaa kwa yote mawili ni moja tu, nalo waziri yeyote wa kwetu hulijua hata akiwa usingizini.

"Ni marehemu, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akainamisha kichwa. "Maskini. Kafa lini?"

"Si siku nyingi, Mheshimiwa."

"Kazikwa wapi?"

Hapo, aliniambia Zahoro aliyekuwa akichungulia kwenye mlango wa jikoni, waziri alitoka jasho mpaka kwenye miwani. "Hapa hapa mjini."

"Mwezi ukiandama nitakwenda kumsomea Fatiha kaburini kwake," akasema Mheshimiwa. "Na chakula hiki, kuanzia leo, ni chakula cha taifa." Kisha akaendelea kutafuna, na meza nzima ikamshukuru Mungu kwa kupata ruhusa ya kumeza.

Huo ndio mwanzo wa piza ya nanasi, kwa upande wetu.

*

Nasema kwa upande wetu kwa sababu kuna watu wana redio zinazoshika mbali. Redio hizo zikasema kwamba chakula hicho kilianza zamani, tena katika nchi ya theluji, kwa mhamiaji mmoja aliyefungua nanasi la kopo akalimwaga juu ya piza ili aone litakuwaje. Habari zikanong'onwa sokoni.

Serikali haikukasirika. Waziri wa Ladha na Uzalendo alijitokeza akiwa mtulivu, amevaa tai yenye picha ya nanasi, akalihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuna maadui wanaodai kwamba nanasi limetoka mahali ambapo nanasi haliwezi kuota. Tujiulize. Mtu wa theluji nanasi alilionea wapi? Aliyelitia ndani ya kopo ni nani? Na kwa nini alilifungia, kama si kulificha? Uchunguzi wetu unaonyesha kwamba wazo lile liliibwa hapa, likasafirishwa kwenye baridi ili lisioze. Tunawasamehe. Lakini redio zote zipelekwe kituo cha polisi zikapunguzwe masikio."

Tukapeleka redio. Zetu sisi zilirudi zikiwa zinashika kituo kimoja, na kwa kweli kilisikika vizuri zaidi.

Baada ya hapo piza ya nanasi ikapendwa. Sijawahi kuona chakula kilichopendwa kwa haraka namna ile. Ilipendwa shuleni, hospitalini, kwenye harusi na kwenye matanga. Gereza lilituma salamu kwamba wafungwa wanaipenda. Wasiokuwa na tanuri waliipenda kwa kuangalia picha yake, iliyobandikwa kwenye kila mlango. Maharusi wa mtaani kwetu walilishwa kipande mbele ya shahidi wa serikali, na bwana harusi alipokunja uso wakamrudia mara ya pili, mpaka uso ukanyooka.

Ila wapo binadamu ambao nanasi la moto haliwaingii. Hao walijifunza kulibandua kwa ulimi, kulificha shavuni, kisha kulitema kwenye leso na kuitia leso mfukoni. Wakadhani wamemaliza. Walisahau kwamba Mwenyezi Mungu ameumba sisimizi.

Sisimizi hawakuwa na kosa, walikuwa wanafuata sukari. Lakini Idara ya Masalio ikaligundua jambo hilo, na kuanzia hapo vijana wake wakawa hawapekui mtu. Walikuwa wanatembea tu wakiangalia chini, na pale walipoona mstari wa sisimizi wakaufuata, ukipanda ngazi, ukivuka kizingiti, ukiingia kwenye koti lililotundikwa ukutani. Mwenye koti akaitwa. Mahakama zetu zikaanza kupokea ushahidi wa sisimizi, na hakimu mmoja alisema hajapata kuona mashahidi waadilifu kama wale, maana hawabadili maneno.

Jirani yangu Bi Sihaba alikuja kwangu asubuhi moja, uso umemsawijika.

"Shoga, nipe majivu."

"Majivu ya nini?"

"Nimwage mlangoni. Wananijia." Akanionyesha kanga yake. Kwenye pindo palikuwa na kitu kidogo cha rangi ya manjano kimekauka, na juu yake sisimizi kama punje za ufuta. "Mjomba alioa juzi. Ningefanyaje, na tumbo langu unalijua?"

Nikampa majivu, nikamfulia na kanga. Hayakusaidia. Walimchukua mchana, kwa adabu, wakamruhusu avae viatu. Alirudi baada ya muda, mzima, hana jeraha hata moja. Sasa hivi ukimsalimia husema, "Nanasi ni tamu." Ukimuuliza habari za watoto husema hivyo hivyo.

*

Wakati huo wote mwezi ulikuwa unakaribia kuandama, na serikali haikuwa na kaburi.

Alasiri moja nikasikia hodi. Alikuwa Bwana Mshindo, Mkurugenzi wa Asili, mtu mpole mwenye mikono laini, amefuatana na mtu mwingine aliyening'iniza futi ya fundi cherehani shingoni. Zahoro alikuwa kibarazani anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kitako."

Akaketi, akapokea chai, akaisifia tangawizi. Kisha akasema, "Nimekuja kwa jambo la furaha. Tumeuliza jikoni Ikulu nani aliweka nanasi, na wote wamemtaja mwanao. Mwanao ni shujaa wa taifa."

"Alhamdulillahi."

"Kuna kasoro ndogo tu."

"Kasoro gani?"

"Yupo."

Zahoro akacheka. Alikuwa na kicheko cha baba yake, cha puani. "Basi niende sokoni, nirudi mkishamaliza."

"Una utani, bwana mdogo," alisema Bwana Mshindo. "Marehemu wetu wengi hawana utani. Hebu simama kidogo."

Yule mwenye futi akamsogelea. Akampima kutoka utosini mpaka kisiginoni, kisha akampima mabega.

"Usijinyooshe hivyo," akamwambia. "Tunapima kama utakavyolala."

Hapo kicheko kikamwisha Zahoro. Mimi nikaweka birika chini.

"Baba," nikamwambia Bwana Mshindo, "mnataka kumuua mwanangu?"

Akashtuka kwa dhati kabisa, kama nimemtukana. "Mama, serikali haiui mtu. Nataka ulielewe hilo. Serikali inasawazisha kumbukumbu. Waziri kasema ni marehemu, Mheshimiwa Mlezi kalipokea, redio imelitangaza. Sasa hapa kuna watu wawili. Mmoja amesema ukweli na mwingine anapumua kinyume na ukweli. Wewe ni mcha Mungu, unataka nani arekebishwe?"

"Na mwezi unaandama lini?"

"Mwezi unasubiri maelekezo, mama. Lakini hatutauchelewesha sana."

Alimaliza chai yake. Alipoondoka aliacha watu wawili mlangoni, wa kumlinda marehemu asisumbuliwe. Walikuwa vijana wenye heshima. Walimwita Zahoro "hayati", na alipotoka kwenda chooni walimsindikiza wakiwa wameinamisha vichwa.

"Mama, usilie," aliniambia Zahoro.

"Silii. Nafikiri."

*

Nilitandika mswala nikakaa hapo mpaka magoti yakafa ganzi. Mimi kwa Mungu si mtu wa kuomba makubwa. Niliomba nionyeshwe mlango, hata uwe mdogo wa kupita nikiinama. Kisha nikafunga mtandio nikaenda makaburini, kwa mume wangu. Kaburi la Mzee Faki lilikuwa pembeni, halijajengewa, lina jiwe kichwani na jiwe miguuni, na majani yameota vizuri. Nilizoea kwenda pale kumsomea na kumpa habari za nyumbani, kimya kimya, mimi na yeye.

Siku hiyo sikumpa habari. Nilimwomba ruhusa. Wafu hawajibu, lakini niliishi na yule mtu ujana wangu wote na najua angejibu nini kwa ajili ya mwanawe.

Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Bwana Mshindo. Kabla sijabisha mlango nilimwomba Mungu msamaha. Niliomba kabla, maana sikuwa na hakika kama baada ya hapo nitapata nafasi.

"Baba," nikasema, "jikoni wamekosea. Zahoro hakubuni kitu. Aliyebuni ni marehemu mume wangu."

Akaweka kalamu chini. "Mzee Faki?"

"Mzee Faki."

"Alikuwa mpishi?"

"Seremala."

"Seremala piza aliijuaje?"

"Alikuwa akitengeneza meza za duara. Akawa anafikiri."

"Na nanasi?"

"Alilipenda mno."

Mume wangu nanasi lilikuwa likimwasha. Akila kipande kimoja alikuwa anakunywa maji kutwa nzima, akimlaumu muuza matunda, mama yake muuza matunda na aliyemwonyesha njia ya sokoni.

Bwana Mshindo akainuka, akafunga dirisha. "Kaburi lake likoje?"

"Limeshaota majani."

Alishusha pumzi ndefu, na nikaona kwamba na yeye alikuwa hapati usingizi. "Kaburi lenye majani," akasema taratibu, kama mtu anayetaja jina la mchumba. "Mama, hujui umeniokoa na nini. Kaburi bichi lina maswali. Waziri alisema si siku nyingi, lakini kwa shujaa miaka si siku nyingi. Litapita. Litapita vizuri sana."

"Basi mwanangu mtamwachia."

"Mwanao yupi?"

"Zahoro."

Akaketi tena, akanitazama kwa huruma. "Mama. Shujaa akiacha mtoto, watu watamsifia mtoto kwa kazi ya baba. Mtoto yuko hai. Sheria itakuwa imevunjika. Mashujaa wetu wote hawana watoto, hilo tumelihakikisha." Akanisogezea kiti chake karibu. "Kule Ikulu kuna kijana anaitwa Zahoro, mpishi hodari. Anaweza kurudi kazini kesho, akaishi kwa amani kama raia yeyote asiye na wazazi wanaojulikana. Au anaweza kuwa mtoto wa shujaa. Sasa nikuulize rasmi. Wewe na Mzee Faki mlijaliwa mtoto?"

Nilimzaa yule kijana siku ya mvua kubwa, paa linavuja, mkunga anakanyaga maji. Nilikumbuka mpaka harufu ya ile kanga.

"Hatukujaliwa," nikasema.

"Mungu ana makusudi yake," akasema Bwana Mshindo, akanipa mkono.

*

Mwezi uliandama Alhamisi, kwa tangazo.

Makaburi ya jirani yaliondolewa ili kupanua nafasi. Juu ya mume wangu wakajenga nanasi la saruji, refu kupita mnara wa msikiti, limepakwa rangi ya manjano, na majani yake ya mabati yalikuwa yakipiga kelele kwenye upepo. Mheshimiwa Mlezi akaja na msafara. Nilikuwa sijapata kumwona kwa karibu. Ni mtu mfupi, ana macho ya mtu anayependa kula.

"Ndugu Faki," alisema mbele ya kaburi, na vipaza sauti vikalipeleka jina la mume wangu mpaka mto ulipo, "ulikuwa seremala, lakini uliunga vitu ambavyo gundi haiviungi. Uliunganisha tamu na chumvi, bara na ng'ambo, juu na chini. Maadui walitaka kutuambia kwamba nanasi na jibini havikai pamoja. Wewe uliviweka pamoja, vikakaa. Na ambaye hataki kukaa, atakalishwa."

Watu wakapiga makofi ya kukata na shoka. Mheshimiwa akalia kidogo, na waliokuwa karibu naye wakalia zaidi. Kisha vikapitishwa vipande vya piza ili kila mmoja ale kwa ajili ya marehemu, na Idara ya Masalio ikasimama pembeni ikiangalia ardhi.

Aliyebeba sinia upande wa wanawake alikuwa Zahoro. Alikuwa amevaa koti jeupe la Ikulu, amekonda. Alipita kwa huyu na kwa huyu mpaka akafika kwangu. Bwana Mshindo alikuwa nyuma yangu, nasikia anavyopumua.

"Shikamoo, mama," akasema Zahoro. "Karibu piza."

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu.

Maneno hayo kila mama mtu mzima humwambia kila kijana, nchi nzima, tangu asubuhi mpaka jioni. Hakuna aliyegeuka. Nikachukua kipande changu na yeye akaenda kwa Bi Sihaba, ambaye alimwambia kuwa nanasi ni tamu.

*

Nilidhani nitarudi nyumbani. Bwana Mshindo akanieleza, kwa upole wake ule ule, kwamba mjane wa shujaa si mjane wa mtu binafsi.

"Lakini baba, eda ya mume wangu nilishakaa, nikaimaliza zamani," nikamwambia.

"Hiyo ilikuwa eda ya dini, mama, na Mungu aikubali. Sasa kuna eda ya taifa."

"Nayo inaisha lini?"

"Taifa halijaacha kuwa na huzuni," akasema.

Basi wakanipa nyumba nzuri, yenye ukuta mrefu na maua. Sipokei wageni, sitoki, sijipaki wanja, nimevaa nyeupe. Nina koplo wa kunilinda, kijana msafi, anaswali. Kila Ijumaa, kwa itifaki, naletewa piza ya nanasi kutoka jiko la Ikulu, na koplo husimama mpaka nimalize, nanasi lote.

Sikuwa nalalamika. Zahoro, alipokuwa bado mwanangu, nilimfundisha kukunja sambusa. Unalibana pindo kwa kidole gumba, unaachia, unalibana, unaachia, linakuwa kama ukingo wa kanzu. Alipoingia kwenye mambo ya piza akawa anakunja ukingo wake vile vile, na hakuna mpishi mwingine Ikulu anayekunja hivyo. Kila Ijumaa nilikuwa natazama ukingo kwanza. Nikiona gumba lake limepita mzunguko mzima, nasema Bismillahi, nakula. Nanasi lenyewe nililizoea.

Ijumaa hii sahani imekuja na ukingo laini, umekatwa kwa kisu.

Nikaitazama. Koplo akaniuliza, "Mbona huanzi, mama?"

"Mpishi ni yule yule?"

"Amekuja mwingine. Yule wa mwanzo alikuwa na bahati, mama, wachache wanaipata. Jumatano hii Mheshimiwa Mlezi alimwita mbele ya wageni, akamsifu kwa jina lake."

"Na sasa yuko wapi?"

Koplo akautazama ukuta. "Kula, mama. Itapoa."

Nikala. Nilikula ukingo, nikala jibini, nikala nanasi kipande kwa kipande, mpaka sahani ikawa nyeupe. Ilipofika mwisho machozi yakanitoka, nikayaacha, kwa sababu mjane wa taifa haulizwi kwa nini analia.

Koplo akavua kofia yake, akaishika kifuani.

"Mungu amlaze pema Mzee Faki," akasema.

Nikaitikia, amina.